Jenerali China: Jemadari wa Mlima Kenya aliyenusurika kitanzi

Wakenya wanapowataja majemadari wa Mau Mau, jina la Dedan Kimathi hutangulia, na hata mtoto wa shule ya msingi hulijua. La Stanley Mathenge hufuata, likiandamana na fumbo la kutoweka kwake. Jina la Waruhiu Itote, aliyeitwa msituni Jenerali China, hutajwa kwa sauti ya chini kidogo, kana kwamba msemaji hana hakika iwapo inampasa kumsifu au kunyamaza.

Kimathi alinyongwa. Mathenge hakuonekana tena. China alikamatwa, akahukumiwa kifo, akazungumza na waliomkamata, na akaishi miaka mingine karibu 40. Kwa baadhi ya waliopigana naye, kuishi kwake ndiko kulikokuwa kosa lake.

Waruhiu Itote alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Kaheti, Mukurwe-ini, wilayani Nyeri. Jina lake lina neno la Kigikuyu linalomaanisha upanga. Msomaji asimchanganye na Chifu Mkuu Waruhiu wa Kung'u, yule mwandani wa serikali ya kikoloni ambaye kuuawa kwake kwa risasi mnamo Oktoba 7, 1952 kulichangia kutangazwa kwa hali ya hatari wiki mbili baadaye.

Elimu yake ya darasani ilikuwa haba. Kama vijana wengi wa Nyeri wa enzi hizo, aliona kwamba shamba la baba halingetosha kumkimu, akaelekea Nairobi akiwa bado kijana kujitafutia riziki kwa biashara ndogondogo. Huko alikumbana na vikwazo vilivyomkabili kila Mwafrika mjini: kipande shingoni, leseni zilizotolewa kwa ubaguzi na askari waliomsaka asiye na kibali cha kuwa mjini.

Mnamo Januari 1942 alijiunga na jeshi la King's African Rifles, lililojulikana kwa ufupi kama KAR. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto na Uingereza ilihitaji watu. Itote alipelekwa Ceylon, nchi inayoitwa sasa Sri Lanka, kisha Burma, ambako askari kutoka Afrika Mashariki walipambana na Wajapani katika misitu yenye mvua, matope na malaria. Alifika hadi kwenye mahandaki ya Kalewa, kando ya mto Chindwin, na akapanda hadi cheo cha koplo.

Cheo hicho ni kidogo, lakini ujuzi alioupata haukuwa mdogo. Huko alijifunza jinsi kikosi kidogo kinavyoweza kujificha mchana na kutembea usiku, jinsi ya kuvizia msafara, jinsi ya kuweka walinzi na kugawa chakula kisichotosha. Waingereza walimfundisha vita vya msituni kwa gharama zao wenyewe. Miaka kumi baadaye walilipa gharama hiyo mara ya pili.

Burma ilimfundisha na mambo mengine. Katika kitabu chake cha maisha, Itote alieleza jinsi askari mmoja Mwingereza alivyomshangaa kwa kupigania dola iliyomtawala, na jinsi mwanajeshi Mmarekani mweusi aliyekutana naye Calcutta alivyomzungumzia kuhusu watu weusi waliojikomboa wenyewe, wakiwemo wale wa Haiti. Aliwasikia pia Wahindi wakieleza kwamba walitarajia uhuru baada ya vita, naye alipoulizwa Waafrika walikuwa wameahidiwa nini, hakuwa na jibu.

Jibu alilipata aliporejea nyumbani. Askari wazungu waliotoka vitani walitengewa mashamba katika nyanda za juu, zile zile ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki hata ekari moja. Mwenzao mweusi alipewa kiinua mgongo kidogo na nafasi ya kurudi alikotoka. Itote alipata kazi katika shirika la reli, akawa mtia makaa katika gari-moshi.

Alijiunga na chama cha Kenya African Union, KAU, na pia na kundi la vijana lililojulikana kama Anake a Forty, yaani waliotahiriwa mwaka wa 1940, wengi wao wakiwa askari wa zamani wasio na kazi. Hawa hawakuwa na subira ya wazee wa KAU waliokuwa wakiandika barua na kutuma wajumbe London. Mwaka wa 1950 serikali iliharamisha Mau Mau, na katika mwaka uo huo Itote alikula kiapo.

Mnamo 1952, kabla ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari Oktoba 20, Itote alikuwa tayari ameingia katika msitu wa Mlima Kenya. Huko akajitwalia jina la China. Majina ya namna hiyo yalikuwa desturi ya wapiganaji, wenziwe wakijiita Tanganyika, Kaleba, Gatamuki na mengineyo. Jina la bandia lilimlinda mtu na pia jamaa zake waliobaki kijijini, kwani mpelelezi aliyesikia habari za China hakujua mara moja aende kumsumbua mama wa nani.

Vita vya Mau Mau vilikuwa na misitu miwili mikuu. Upande wa magharibi kulikuwa na Nyandarua, walikokuwa Kimathi na Mathenge. Upande wa mashariki kulikuwa na Mlima Kenya, na huko China ndiye aliyekuwa mkubwa. Kati ya misitu hiyo miwili palikuwa na mashamba ya walowezi na mji wa Nyeri. Kuvuka kutoka msitu mmoja hadi mwingine kulikuwa safari ya hatari, hivyo kila upande ulijiendesha kivyake.

Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba upande wa Mlima Kenya ulikuwa na utulivu zaidi wa uongozi. Nyandarua kulikuwa na mvutano usiokwisha baina ya Kimathi, aliyejua kusoma na kuandika na kupenda mikutano na kumbukumbu, na Mathenge, mwanajeshi wa zamani aliyewavutia wasiojua kusoma. Mlimani, koplo huyu wa KAR aliwagawa watu wake katika vikosi, akawapa vyeo na akasisitiza nidhamu aliyojifunza jeshini. Maelfu ya wapiganaji walimtambua kama mkuu wao, ijapokuwa katika msitu mkubwa namna ile amri ya mtu mmoja haikufika kila pembe.

Silaha zao nyingi zilikuwa za kujitengenezea. Bomba la maji liligeuzwa mtutu, komeo la mlango likawa sehemu ya kufyatulia, na vipande vya mpira vikatumika badala ya springi. Bunduki kama hiyo iliweza kumuua adui, na iliweza pia kumlipukia aliyeishika. Bunduki halisi zilitekwa kutoka vituo vya polisi na kwa walinzi wa nyumbani, au ziliibwa Nairobi na kupenyezwa pamoja na dawa na nguo.

Kikosi cha msituni kingekufa njaa ndani ya mwezi mmoja kama si wanawake. Wao ndio waliobeba chakula usiku hadi ukingoni mwa msitu, wakapeleka habari, wakaficha risasi. Serikali ilipolitambua hilo, ilianza kuukata uhusiano kati ya kijiji na msitu: handaki refu lilichimbwa kwa kazi ya lazima kandokando ya msitu, eneo la katikati likatangazwa kuwa marufuku na aliyeonekana humo akapigwa risasi. Kuanzia mwisho wa 1953 ndege za kivita za Lincoln zilidondosha mabomu juu ya miti ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Januari 1954. Mnamo tarehe 15, katika mapambano karibu na Karatina, China alipigwa risasi kooni na kukamatwa. Kwa serikali ya kikoloni hilo lilikuwa windo kubwa kuliko yote tangu vita kuanza, kwani hakuna kiongozi wa daraja lake aliyewahi kupatikana akiwa hai.

Aliyepewa kazi ya kumhoji alikuwa afisa wa kitengo cha ujasusi, Ian Henderson. Huyu alikulia Nyeri na alizungumza Kigikuyu kama mwenyeji. Mahojiano yalichukua jumla ya saa 68. Mtu mwenye jeraha la risasi kooni, aliyejua fika kwamba kamba ilikuwa ikimngoja, alikaa na afisa aliyemwelewa bila mkalimani, akamweleza jinsi jeshi la Mlima Kenya lilivyopangwa, majina ya viongozi wake, lilivyopata chakula na silaha.

Hapa ndipo lawama zinapoanzia, na haifai kuzificha. Ripoti iliyotokana na mahojiano hayo iliwapa Waingereza picha kamili ya adui waliyekuwa wakimpapasa gizani kwa zaidi ya mwaka mmoja. Anayesema kwamba China hakutoa siri yoyote hana msingi.

Lakini pia haifai kusahau aliyoyasema kuhusu sababu za vita. Katika mahojiano yale yale alieleza kwamba watu wake walipigania ardhi na kujitawala. Wakati huo propaganda za serikali zilikuwa zikiwaambia walimwengu kwamba Mau Mau ni wazimu wa watu waliorudi katika ushenzi, na kwamba hakuna dai lolote la maana nyuma ya viapo.

Alishtakiwa Nyeri mwanzoni mwa Februari kwa kupatikana na risasi na kwa kushirikiana na watu wenye silaha. Chini ya sheria za hali ya hatari, kosa kama hilo lilitosha kumnyonga mtu, hata kama hapakuwa na ushahidi kwamba alimuua yeyote. Februari 3 alihukumiwa kifo. Zaidi ya Waafrika 1,000 walinyongwa katika miaka ya hali ya hatari, wengi wao kwa makosa ya namna hiyo.

Wakati huo Jenerali George Erskine, kamanda wa majeshi ya Uingereza nchini, alikuwa ameshaona kwamba vita haviwezi kumalizwa kwa risasi peke yake. Mwaka uliotangulia, mnamo Agosti, alikuwa amewataka wapiganaji watoke msituni wakiwa wameshika matawi mabichi, na wachache tu waliitikia. Sasa alikuwa na mtu ambaye sauti yake ingesikika huko. Henderson alipendekeza kwamba China atumiwe kuwaandikia wenzake barua ili wazungumze na serikali. China alikubali, na Machi 4, 1954 Gavana Baring akabatilisha hukumu ya kifo.

Walowezi walighadhibika. Kwao, kumwacha hai kiongozi wa Mau Mau kulikuwa tusi, na kuzungumza na wenzake kulikuwa kusalimu amri. Msituni nako kulikuwa na waliosema kwamba China amenunuliwa. Ni nadra mtu mmoja kuchukiwa na pande zote mbili za vita kwa jambo lile lile, katika mwezi mmoja.

Barua zilipelekwa. Majibu yalikuja polepole, kwa tahadhari, na mwishowe Machi 30 baadhi ya viongozi wa Mlima Kenya walitoka msituni na kukutana na wajumbe wa serikali mjini Nyeri, chini ya ahadi kwamba hawangekamatwa. Jenerali Gatamuki na Jenerali Kaleba walikuwa miongoni mwao. Walielezwa masharti, wakarudi msituni kuwashauri wapiganaji wao. Ikumbukwe kwamba yaliyotakiwa na serikali hayakuwa mapatano baina ya wanaolingana: wapiganaji walitarajiwa kuweka silaha chini na kuingia kizuizini, na malipo yao yangekuwa kutonyongwa.

Kwa siku kadhaa ilionekana kana kwamba mamia, pengine zaidi, wangetoka. Wapiganaji walianza kukusanyika. Kisha Aprili 7, mahali paitwapo Gathuini, kikosi cha KAR kilishambulia kundi kubwa la wapiganaji. Watu 25 waliuawa na wengine wakakamatwa, Gatamuki akiwa mmoja wao. Waliosikia milio ya bunduki walihitimisha kwamba mazungumzo yalikuwa mtego tangu mwanzo, wakarudi ndani ya msitu.

Mpango ulivunjika hapo. Jeshi lilelile lililomfundisha Itote vita vya msituni ndilo lililovunja jaribio lake la kuvimaliza. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba shambulio lile lilitokana na kutoelewana kati ya vikosi, na huenda ni kweli, kwani kati ya maafisa wa jeshi wapo ambao hawakuyapenda mazungumzo na hawakujishughulisha sana kuyalinda. Hata hivyo, serikali haikukaa ikiomboleza. Aprili 24 ilianzisha Operesheni Anvil, msako uliozingira Nairobi yote na kuwapeleka kizuizini maelfu kwa maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru. Tangu siku hiyo msitu ulikosa mji uliokuwa ukiulisha.

Wanaomwita China msaliti husahau kwamba hakuwa peke yake katika kutafuta mazungumzo. Mwaka wa 1955 kulikuwa na jaribio jingine, safari hii likihusisha viongozi wa Nyandarua waliokuwa upande wa Mathenge, ambapo Kimathi alilipinga vikali. Nalo lilishindikana. Mathenge akatoweka. Mwaka wa 2003 serikali ilimleta kutoka Ethiopia mzee mmoja mkulima, akapokelewa kwa shangwe kama Mathenge aliyerejea, hadi uchunguzi wa chembechembe za damu ulipoonyesha kwamba hakuwa yeye. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 katika msako ambao Henderson huyo huyo aliuongoza, akanyongwa Februari 18, 1957.

China hakuachiliwa huru. Alipelekwa Lokitaung, kwenye joto na ukame wa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia, ambako Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba walikuwa wakitumikia kifungo walichohukumiwa Kapenguria. Wafungwa walimpokea kwa shaka. Kwa nini mtu aliyepaswa kunyongwa aletwe kati yao akiwa hai, kama si kwa kazi ya upelelezi?

Kenyatta ndiye aliyemkaribisha. Yeye mwenyewe hakupatana na wenzake. Kwa sababu ya umri wake alisamehewa kazi ngumu akapewa ya kupika, na Kaggia na wenziwe walimwona kama mtu aliyejitenga. Kenyatta alimfundisha Itote Kiingereza. Husimuliwa pia kwamba mfungwa mmoja alipomshambulia Kenyatta kwa kisu, China alikuwa miongoni mwa waliomwokoa. Urafiki ulioota kati ya mzee mpishi na jemadari wa zamani ulikuwa na uzito mkubwa baadaye kuliko amri yoyote aliyowahi kuitoa mlimani.

Aliachiliwa mwaka wa 1962. Kabla ya uhuru alipelekwa Israeli kwa mafunzo, na Kenyatta aliposhika hatamu za nchi, Itote alipewa wadhifa wa naibu mkurugenzi katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, iliyoanzishwa 1964. Mkurugenzi wake alikuwa Geoffrey Griffin, mwanzilishi wa Shule ya Starehe, ambaye naye aliwahi kuwa afisa wa KAR wakati wa hali ya hatari. Mmoja alikuwa amepigania msitu na mwingine alikuwa ametumikia jeshi lililousaka msitu huo. Sasa walikaa ofisi zilizopakana, wakiwafunza vijana wasio na kazi kujenga barabara na kulima.

Henderson, kwa upande wake, alitunukiwa nishani ya George na Malkia, lakini serikali ya Kenya huru ilimfukuza nchini mwaka wa 1964. Akaenda Bahrain kuongoza idara ya usalama huko kwa miaka mingi.

Si majemadari wote waliotoka msituni walioangukia mikono ya heri. Baimungi wa Meru, aliyetoka Mlima Kenya baada ya uhuru na kuulizia ardhi waliyoipigania, aliuawa na vikosi vya serikali mwaka wa 1965. Wapiganaji wa kawaida walirudi vijijini na kukuta mashamba yao yamesajiliwa kwa majina ya walinzi wa nyumbani wakati wao walipokuwa kizuizini. Kenyatta alisisitiza kwamba wote walipigania uhuru na kwamba yaliyopita yasahauliwe. China, akiwa afisa wa serikali hiyo, hakusimama hadharani kupinga msimamo huo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kimya hicho ni shtaka zito zaidi dhidi yake kuliko zile saa 68 za Nyeri, kwani Nyeri alikuwa na kamba shingoni na katika miaka ya uhuru hakuwa nayo.

Hata hivyo hakunyamaza kabisa. Mwaka wa 1967 kampuni ya East African Publishing House ilichapisha kitabu chake, Mau Mau General, wakati ambapo viongozi wengi hawakupenda kusikia habari za msitu. Aliandika kuhusu Burma, viapo, vita na Lokitaung, na kitabu hicho kimekuwa chemchemi ya kila mwanahistoria aliyeandika kuhusu Mlima Kenya tangu hapo. Mwaka wa 1979 alitoa kingine, Mau Mau in Action.

Alistaafu kutoka NYS mwaka wa 1984 na kufariki 1993, akiwa na umri wa miaka 71. Wakati huo ile sheria ya 1950 iliyoharamisha Mau Mau ilikuwa ingali katika vitabu vya Jamhuri, ikimaanisha kwamba kisheria marehemu, mtumishi wa serikali kwa miaka 20, alikuwa mwanachama wa chama haramu. Ilifutwa mwaka wa 2003.